Nani anamaliza intaneti ya chuo? Uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja cha kati nchini Tanzania. Nimeondoa jina la chuo, mkoa wake na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, na namba za mtandao nimeziweka kwa makadirio ya karibu ili hesabu zifuatike. Nawaandikia maafisa TEHAMA, wakuu wa vyuo, wasimamizi wa hospitali ndogo na yeyote aliyekabidhiwa laini moja ya intaneti inayotumiwa na watu wengi. Kila penye laini ya pamoja huulizwa nani anaimaliza, na mara nyingi jibu hutoka kabla kipimo chochote hakijafanyika. Hapa jibu la haraka liliwaumiza wanafunzi kwa sehemu kubwa ya muhula, na walikuwa hawana kosa.

Usuli

Chuo kina wanafunzi mia kadhaa, wengi wao wanakaa bweni, na kuna nyumba chache za walimu ndani ya uzio. Intaneti inaingia kwa laini ya redio kutoka mnara wa mtoa huduma: megabiti 30 kwa sekunde za kupakua na megabiti 6 za kupakia. Inapokelewa na ruta moja ya MikroTik, kisha swichi kuu iliyo katika chumba kidogo nyuma ya masijala, na kutoka hapo nyaya zinakwenda ofisini, maabara ya kompyuta, maktaba, bweni na nyumba za walimu. Fundi aliyeufunga mtandao huo aliondoka zamani. Hakuacha mchoro, na lebo pekee kwenye nyaya zilikuwa vipande vya utepe wa karatasi ambavyo wino wake ulishafifia.

Namba hizo mbili, 30 na 6, ndizo zinazobeba kisa chote. Mjumbe mmoja wa kamati ya fedha alikuwa akilalamika kwamba wanalipia 30 lakini kompyuta inaonyesha 3 na kitu hata mtandao ukiwa mzuri. Hakuwa ameibiwa. Mkataba unahesabu megabiti, wakati kompyuta ikipakua faili huhesabu megabaiti, na baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo megabiti 30 ni megabaiti 3.75 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyohiyo, megabiti 6 za kupakia ni megabaiti 0.75 kwa sekunde, yaani gigabaiti 2.7 hivi kwa saa, tena kama hakuna mtu mwingine anayegawana nazo. Msomaji aishike hiyo 2.7, maana tutaihitaji mbele.

Malalamiko na hatua za mwanzo

Tatizo lilikuwa na saa zake. Kila siku ya kazi, kuanzia kama saa 2:30 asubuhi, neti ilianza kusuasua. Ikifika saa 4 kurasa zilikuwa zinazunguka tu, ujumbe wa WhatsApp unabaki na alama ya saa, na mwalimu aliyekuwa kwenye kikao cha video anatolewa kila baada ya dakika chache. Ofisi ya usajili ilishindwa kuingiza matokeo. Baada ya saa 10 jioni mambo yalilegea, na usiku mtandao ulikwenda vizuri kabisa.

Maelezo yalikuwa mengi. Wengine walisema ni nyaya za baharini. Si ajabu, kwa sababu tangu EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na nchi nzima ikayumba, intaneti ikizubaa kidogo tu watu huikumbuka bahari. Lakini waya wa baharini ukikatika hauachi kusumbua saa 10 jioni, wala haupumziki Jumamosi. Wengine walimtupia lawama mtoa huduma. Yeye alijibu kwamba kwake hakuna hitilafu, akapendekeza kifurushi chenye uwezo mara mbili, na kamati ya fedha ilikuwa imekaribia kusaini.

Maelezo yaliyoshinda ni yale yaliyokuwa rahisi kutamka: wanafunzi wanapakua filamu. Uongozi ukazima Wi-Fi ya bweni saa za kazi. Hali haikubadilika. Ukaizima kabisa, mchana na usiku. Hali haikubadilika. Wanafunzi wakabaki kununua bando kwa hela zao za kula ili wawasilishe kazi za darasani, huku kwenye ubao wa matangazo ukiwepo waraka unaosema wamefungiwa kwa kuutumia vibaya mtandao wa chuo.

Kisha ikaja likizo. Bweni likawa tupu, na ofisini neti ikaendelea kukwama kuanzia saa 2:30 hadi saa 10. Aliyeuona ushahidi huo ni afisa TEHAMA wa chuo, kijana aliyekuwa na muda mfupi kazini. Alimwambia mkuu wa chuo kwa heshima, "Mkuu, wanafunzi hawapo na tatizo lipo." Ndipo nikaitwa kusaidia.

Kipimo cha kwanza: saa na mwelekeo

Mtu akiambiwa atafute anayemaliza intaneti, kwa kawaida hukimbilia orodha ya watumiaji na kumtazama aliye juu. Sisi tuliiacha orodha kwanza. Tulitaka kujua laini inajaa saa ngapi, na inajaa upande upi.

RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, una zana ya kuchora grafu za kila mlango wa ruta kwa siku, wiki na mwezi. Ilikuwepo muda wote, haijawahi kuwashwa. Tuliiwasha, na afisa TEHAMA akaanza kuendesha amri ya ping, inayopima muda wa pakiti ndogo ya data kwenda na kurudi, kila nusu saa kwenda sehemu mbili: kwenye ruta yenyewe, na kwenye kituo cha kwanza cha mtoa huduma nje ya ruta. Majibu aliyaandika kwenye daftari pamoja na jina la ofisi iliyolalamika saa hiyo.

Daftari likazungumza mapema. Kabla ya saa 2 asubuhi, pakiti ilikwenda hadi kwa mtoa huduma na kurudi kwa milisekunde 35 hivi. Saa 4 safari hiyohiyo ilichukua kati ya milisekunde 1,800 na 2,300, yaani zaidi ya sekunde nzima na nusu, ilhali safari ya kwenda kwenye ruta ilibaki milisekunde 1 au 2. Kwa hiyo nyaya za ndani na Wi-Fi zilikuwa salama. Foleni ilikuwa inaundwa kati ya ruta na mnara.

Grafu ikamaliza ubishi. Saa 4 asubuhi, wakati watu wanalia, upakuaji ulikuwa megabiti 9 kati ya 30. Theluthi mbili na zaidi ya uwezo ambao wanafunzi walidaiwa kuumaliza ulikuwa haujaguswa. Mstari wa kupakia, ambao hakuna aliyewahi kuutazama, ulikuwa umepanda hadi 6 saa 2:40 na kulala bapa hapo mpaka karibu saa 10 jioni.

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba upakiaji uliojaa unaua upakuaji. Sababu yake ni namna TCP, utaratibu ambao kompyuta hutumia kupelekeana data, inavyofanya kazi. Kompyuta inayopokea data lazima irudishe risiti ndogo za kuthibitisha kuwa imepokea, na anayetuma haendelei bila hizo risiti. Ni ndogo sana: kupokea megabiti 30 kwa sekunde kunahitaji chini ya megabiti 1 ya risiti. Lakini hata hiyo ndogo inapita njia ya kupakia. Njia hiyo ikiwa imejazwa na faili kubwa linalotoka, risiti inapanga foleni nyuma yake, kama pikipiki iliyobeba barua inavyosubiri nyuma ya malori ya mchanga kwenye daraja la njia moja. Kumbukumbu ya kifaa cha redio ilikuwa inahifadhi foleni ya karibu sekunde 2, ambayo kwa laini ya megabiti 6 ni megabaiti 1.5 tu za data. Megabaiti moja na nusu zilikuwa zimekisimamisha chuo kizima.

Kumfuata mtumiaji hadi mlangoni

Sasa tukawa na swali sahihi: nani anapakia, siku za kazi, kuanzia saa 2:40?

MikroTik ina zana inayoitwa Torch, inayoonyesha papo hapo ni anwani ipi inatuma na kupokea kiasi gani. Kuna mitego miwili hapa, na nimeona mafundi wengi wakinaswa. Wa kwanza ni mahali pa kuiwasha. Ukiiwasha upande wa nje, utaona anwani ya ruta peke yake, kwa sababu NAT, utaratibu wa ruta kuwatoa wote nje kwa anwani yake moja, imeshawafunika. Iwashwe upande wa ndani. Wa pili ni maana ya safu za Tx na Rx. Ukiwa upande wa ndani, Tx ni kile ambacho ruta inawapelekea watumiaji, yaani wanachopakua, na Rx ni wanachopakia. Ukizichanganya, utamhukumu mtu kwa kosa la mwenzake.

Kulikuwa na jambo jingine. Fundi wa zamani alikuwa ameweka vikomo vya kasi kwa bweni na ofisi, na vilionekana vizuri kwenye skrini, lakini kiasi cha data vilichoonyesha kimepita ndani yake kilikuwa kidogo mno kulingana na data iliyokuwa ikipita kwenye ruta. Kanuni ya FastTrack ilikuwa imewashwa. FastTrack huharakisha pakiti kwa kuzirusha juu ya hatua kadhaa ndani ya ruta, na vikomo hivyo ni mojawapo ya hatua zinazorukwa. Vilikuwa vimeandikwa bila kufanya kazi. Tuliizima FastTrack kabla ya kuamini namba yoyote.

Asubuhi iliyofuata Torch ilionyesha anwani moja ya ndani ikipakia megabiti 5 na ushee mfululizo, bila kupumua, kwenda kwenye huduma moja ya kuhifadhi data mtandaoni. Orodha ya DHCP, yaani ya anwani ambazo ruta imevigawia vifaa, iliipa jina ambalo Windows huzipa kompyuta zisizobatizwa na mtu, la DESKTOP na herufi zisizo na maana. Tukachukua anwani yake ya MAC, namba inayotambulisha kadi ya mtandao ya kifaa, na kuitafuta kwenye jedwali la swichi kuu. Ikatokea kwenye tundu la 17, ikiwa na anwani nyingine tatu. Anwani nne kwenye tundu moja maana yake huko mbele kuna swichi nyingine ndogo.

Anwani za MAC zina tahadhari yake. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, hujitungia anwani za bandia ili zisifuatiliwe. Hutambulika kwa herufi ya pili ya anwani: ikiwa ni 2, 6, A au E, basi haikutoka kiwandani, na kutafuta jina la mtengenezaji hakutasaidia. Yetu haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa kompyuta halisi ya mezani iliyofungwa kwa waya.

Utepe wa tundu la 17 ulikuwa hausomeki. Njia ya mkato ingekuwa kuchomoa waya na kusikiliza nani atapiga kelele. Hatukuchomoa, kwa sababu hatukujua kama mbele yake kuna mfumo wa malipo au wa usajili, na tundu lililochomolewa katikati ya kuandika kumbukumbu linaweza kuharibu zaidi ya neti. Tulizifuata plastiki za ukutani zinazobeba nyaya, chumba hadi chumba, hadi zikaingia ofisi ya uhasibu. Huko kulikuwa na swichi ndogo ya matundu matano chini ya meza, kompyuta tatu na printa moja.

"Shikamoo mama," afisa TEHAMA alimwamkia mhasibu.

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kunikatia na mimi?"

Alikuwa amesoma waraka wa bweni kama wengine wote. Tulimweleza kwamba hatukatii mtu, tunatafuta sababu, na tukamwomba atuonyeshe kompyuta yake inafanya nini ikiwashwa asubuhi. Akatuonyesha bila kuficha. Miaka kadhaa nyuma diski ya ofisi ilikufa na hesabu zote, wakakaa miezi wakiandika upya kutoka kwenye risiti za karatasi. Baada ya hapo aliomba, akaidhinishiwa kwa maandishi, programu ya kupeleka nakala ya kanzidata ya hesabu nje ya chuo kila siku. "Hiyo ndiyo inanifanya nilale usingizi," alisema.

Kanzidata ilikuwa faili moja la gigabaiti 19. Programu haikujua kupeleka kilichobadilika peke yake. Ikiona tarehe ya faili imebadilika, na hubadilika kila siku ya kazi, inalipeleka lote upya. Hapa ndipo ile 2.7 inaporudi. Hata kama angeachiwa laini nzima, gigabaiti 19 zingechukua saa 7. Kompyuta ilikuwa inawashwa saa 2:30 na kuzimwa saa 10, saa 7 na nusu jumla, na laini haikuwa yake peke yake. Faili lilikuwa halimaliziki. Ikizimwa kompyuta, au umeme ukikatika, kesho yake programu inaanza tena kutoka sifuri.

Tulifungua historia ya programu. Nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya wiki nyingi nyuma, karibu na pale malalamiko yalipoanza kuwa makali. Miaka ya nyuma, faili likiwa dogo, lilikuwa linamaliza kabla ya mchana na watu wanavumilia. Lilipokua hadi kupita kile ambacho siku ya kazi inaweza kubeba, liligeuka tatizo la chuo kizima, na wakati huohuo kinga aliyoitegemea mama mhasibu ikaacha kuwepo bila yeye kujua. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama diski ingekufa jana angekuwa na nini. Jibu lilikuwa hesabu za wiki nyingi zilizopita.

Jina la juu kwenye orodha

Tulipokuja kuitazama ile orodha ya jumla, mhasibu hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mtumiaji mmoja kwenye nyumba za walimu, aliyepakua zaidi kwa mwezi kuliko kifaa kingine chochote. Uongozi ulipoona hivyo, baadhi walitaka aandikiwe barua siku hiyohiyo.

Tulikamata pakiti chache za anwani hiyo na kutazama namba ya TTL, ambayo hupungua kwa 1 kila pakiti inapovuka ruta. Windows huanza na 128. Simu za Android, iPhone na kompyuta za Linux huanza na 64. Kifaa kilicho kwenye mtandao wetu moja kwa moja kingetufikia na namba hizo kamili. Hizi zilifika zikiwa 127 na 63, zote mbili kutoka anwani moja. Maana yake kulikuwa na ruta nyingine mbele, na nyuma yake vifaa vya aina tofauti. Mwalimu husika, alipoulizwa kwa adabu, alieleza kwamba waya wa chuo uliishia kwake tu. Alinunua ruta ndogo kwa fedha yake na kuwagawia majirani zake, walimu wenzake. "Mtumiaji mmoja mlafi" alikuwa kaya kadhaa, na matumizi yao karibu yote yalikuwa ya kupakua usiku, saa ambazo laini ilikuwa na nafasi tele na hakuna aliyekwamishwa.

Maamuzi na sababu zake

Tulianza na laini, watu wakafuata. Ruta ilipandishwa kutoka toleo la 6 hadi la 7 la RouterOS siku ya Jumamosi, baada ya kuhifadhi usanidi wa zamani, kwa sababu toleo la 7 lina CAKE, namna ya kupanga foleni inayozuia pakiti kurundikana na inayogawa uwezo kwa haki kati ya vifaa. Kikomo cha kupakia kiliwekwa megabiti 5.5, chini kidogo ya 6 halisi. Kwa kujinyima hiyo nusu, foleni inaundwa ndani ya ruta yetu ambako CAKE inaisimamia, badala ya kuundwa kwenye kifaa cha redio ambacho hatuna mamlaka nacho. Tulitaka mtandao usikwame hata kama kesho mtu mwingine, kwa sababu nyingine, atapakia faili kubwa saa 4 asubuhi.

Nakala za uhasibu hazikusimamishwa. Hilo lilijadiliwa, na wapo walioona kuzizima ndiyo dawa, lakini kuponya neti kwa kuacha hesabu za chuo bila kinga kungekuwa kuhamisha hatari kutoka panapoonekana kwenda pasipoonekana. Tuliweka restic, programu huria inayokata data vipande, kuvifunga kwa siri na kupeleka vile tu ambavyo havijafika. Ikikatizwa haianzi upya, kwani vipande vilivyokwisha fika vinabaki. Inafanya kazi saa 2 usiku, programu ya hesabu ikiwa imefungwa, maana faili la kanzidata likinakiliwa huku linaandikwa linaweza kufika likiwa bovu. Na kabla ya kumwambia mama mhasibu kwamba yuko salama, tulirejesha nakala nzima kwenye kompyuta nyingine, akaifungua mwenyewe na kulinganisha salio.

Uongozi uliomba pia orodha ya tovuti ambazo wanafunzi huzitembelea. Tulikataa, na tulieleza kwa nini. Kumpata anayejaza laini kunahitaji anwani, kiasi, mwelekeo na saa. Hakuhitaji kujua mtu anasoma nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kukusanya taarifa kwa lengo lililo wazi na kwa kiasi kinacholitosha lengo hilo. Kumbukumbu tulizokusanya zilifutwa kazi ilipokwisha, zikabaki grafu za jumla zisizo na jina la mtu.

Matokeo

Tulilijaribu jambo hili katika hali yake mbaya zaidi. Baada ya CAKE kuwekwa, tuliacha kwa makusudi programu ya zamani ipakie mchana kama kawaida yake. Ping ilibaki kati ya milisekunde 45 na 60. Kurasa zilifunguka, na kikao cha video hakikukatika. Nakala za usiku zilipohamia restic, data inayotoka kila siku ilishuka hadi megabaiti mia chache.

Wi-Fi ya bweni ilirudishwa, na grafu zikaonyesha kile ambacho kingeweza kuonekana tangu mwanzo: wanafunzi hupakua sana, lakini baada ya saa 2 usiku. Kifurushi cha mara mbili hakikununuliwa.

Nyumba za walimu zilitupa funzo ambalo hatukulipanga. CAKE inagawa kwa haki kwa kila kifaa inachokiona, na ile ruta ndogo iliionekea kama kifaa kimoja, kwa hiyo kaya zote nyuma yake zikawa zinagawana fungu la mtu mmoja pale laini inapobanwa. Majirani wenyewe wakaja kuomba nyaya zao. Chuo kiliwavutia nyaya hizo, na hakuna barua iliyoandikwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kupima wakati na mwelekeo kabla ya kumtafuta mtu. Orodha ya mwezi ingetuelekeza kwa mwalimu aliyewasaidia majirani. Uvumi ulikuwa umeshawaelekeza kwa wanafunzi. Aliyetumia data nyingi na anayewakwamisha wengine walikuwa watu tofauti, kwa sababu wingi wa mwezi hauumizi mtu, kinachoumiza ni kujaza upande mmoja wa laini saa ambayo wengine wanauhitaji. Daftari la ping, ambalo halikugharimu chochote, lilifanya kazi kubwa kuliko zana zote zilizofuata.

Kumfuata mtumiaji kwa kuzungumza naye kulikuwa na faida ya kiufundi pia, mbali na adabu. Kama tungechomoa waya au kuibana ile anwani kimyakimya, neti ingepona siku hiyo, na habari ya nakala zisizokamilika isingejulikana hadi diski ife. Mhasibu aliyeogopa adhabu angeweza kabisa kuficha programu yake. Waraka wa bweni ulikuwa umeshawafundisha watu kuficha, na tulitumia dakika za mwanzo za kila mazungumzo kuondoa hofu hiyo.

Kilichoshindikana ni kikubwa, na sehemu yake haikurekebishwa. Uongozi ulifanya jaribio zuri bila kujua kwamba ni jaribio: ulizima Wi-Fi ya bweni, na tatizo likabaki. Hapo dhana ya wanafunzi ilikuwa imeshakanushwa. Badala ya kuiacha, adhabu iliongezwa. Naamini ilikuwa hivyo kwa sababu wanafunzi ndio waliokuwa wepesi kufungiwa, hawakai kwenye kamati, na hawana wa kuwasemea. Hakuna aliyefikiria kuipima ofisi iliyokuwa inafanya kazi yake kwa idhini, na hilo ni udhaifu wa kila mahali, si wa chuo hiki peke yake: tunamtafuta mtu mwenye starehe, tunamruka mwenye kazi halali.

Kifurushi cha mara mbili nacho kinastahili kutazamwa. Kama upakiaji ungeongezwa hadi megabiti 12, faili la gigabaiti 19 lingemalizika kwa saa 3 na nusu hivi. Mchana ungekuwa mzuri, kila mtu angeamini fedha imeponya, na asubuhi zingebaki zilezile, kwa sababu faili lingeijaza 12 kama lilivyoijaza 6. Kisha lingeendelea kukua. Chuo kingelipa kila mwezi kwa ajili ya kuahirisha.

Kwa upande wa vifaa, kuzima FastTrack na kuwasha CAKE kumeiongezea ruta kazi. Inamudu megabiti 30, lakini siku laini ikipanuliwa sana itabidi ibadilishwe, na hilo limeandikwa kwenye mchoro mpya wa mtandao uliobandikwa ndani ya mlango wa chumba cha swichi. Nyaya zote sasa zina lebo za plastiki. Kanuni za matumizi ya mtandao, zinazosema hakuna atakayefungiwa kabla ya kipimo kuonyeshwa kwake, zimeandikwa na zinasubiri kikao cha bodi. Waraka wa zamani umeondolewa ubaoni. Serikali ya wanafunzi imeandika kuomba tangazo la kuwasafisha libandikwe palepale, na barua yao, nilipopata habari mara ya mwisho, ilikuwa bado haijajibiwa.